Idhini ya Marehemu

Tumsifu Mkwizu hakwenda Unukuzi kutafuta ukubwa. Alikwenda kwa ajili ya watu kumi na mmoja waliokufa asubuhi moja.

Walikufa kijijini kwao, Irindi, mlimani, siku ndiva ilipopasuka. Ndiva ni bwawa ambalo watu wa milima ile hulijenga kwa mawe na udongo ili kukinga maji ya mashamba. Ile ya Irindi ilikuwa ya tangu enzi za mababu, na ukuta wake ulikuwa umeanza kuvuja. Wanakijiji walikuwa wakiukarabati, wakisaidiwa na vibarua watatu waliotoka mbali, pale ukuta ulipoachia wote wakiwa chini yake. Ripoti iliyoandikwa baadaye ilisema kwamba "watu kadhaa walipoteza maisha". Mmoja wa hao kadhaa alikuwa Nakundwa, mama mzazi wa Tumsifu.

Neno hilo, kadhaa, lilimkaa Tumsifu rohoni kwa miaka mingi. Alipokuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari, alitumia likizo tatu mfululizo kukaa jikoni kwa shangazi yake, Naelijwa, akiandika. Shangazi ndiye aliyewapikia wale vibarua kwa wiki tano. Kijiji kizima kiliwaita "vijana wa ndiva" tu. Yeye peke yake aliwajua kwa majina, alijua makwao, alijua nani hali samaki na nani huimba akinawa mikono. Akasema yote, Tumsifu akayaandika yote, madaftari manne yakajaa.

Lakini kila mchapaji aliyempelekea alimuuliza swali lile lile: "Nani amekuidhinisha kusimulia?" Na Cheti cha Kusimulia, kama wote walivyojua, kilitolewa Unukuzi peke yake.

"Utakaa huko muda gani?" shangazi alimuuliza siku ya kuagana.

"Miaka mitatu, shangazi."

"Haya, mwanangu. Mimi nipo. Na maneno yenyewe si unayo humo kwenye daftari."

Jinsi alivyofika huko haina haja ya kuelezwa. Wengi wamefika, na njia zote hufanana.

Unukuzi ni nchi ya watu wapole. Asubuhi yake ya kwanza Tumsifu aliingia mgahawani akaomba chai. Mama aliyekuwa akiuza aliinama kwa heshima, akasema, "Chai ipo. Hilo lilisemwa kwanza na marehemu mama mkwe wangu, na dada yake akalithibitisha." Mteja wa meza ya pili akapuliza kikombe chake na kusema kwamba ni ya moto, ingawa wapo wenye mtazamo tofauti. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nchi ile: mtu haruhusiwi kusema jambo ambalo halijasemwa na mwingine kabla yake, na akilisema lazima amtaje huyo mwingine. Watoto wanaozaliwa huko hukaa kimya kwa muda mrefu.

Sheria ya pili ilihusu lugha. Wanukuzi wana lugha yao, nzuri tu, lakini huitumia kuwaita mbuzi na kuwabembeleza wagonjwa. Mambo ya maana husemwa kwa Kighaibu. Hii ni lugha ya Waghaibu, watu waliowahi kuitawala nchi hiyo, wakajenga majumba yake, kisha wakaondoka na funguo. Ni muda mrefu sasa, na hakuna Mghaibu aliyerudi hata mara moja, ila kila mtu anaishi kana kwamba watarudi kesho kutwa kukagua matamshi. Tumsifu alikijua Kighaibu, alikuwa akikifundisha. Hata hivyo aliambiwa akiseme kama mtu anayeomba radhi, maana ndivyo kinavyosemwa vizuri.

Sheria ya tatu ndiyo iliyomshangaza zaidi. Mwombaji wa cheti huandika vitabu viwili: hadithi yake, na kitabu kingine kiitwacho Kivuli, kinachoeleza hadithi hiyo imetoka kwa nani, inafanana na za nani, na kwa nini mwandishi amethubutu. Kivuli lazima kiwe kirefu kuliko hadithi mara tatu. Na kwa kuwa uzito wa vitabu vyote viwili umewekewa kikomo, kila Kivuli kinapokua, hadithi hupunguzwa.

Msimamizi aliyepangiwa aliitwa Profesa Lugome, mtu mrefu mwenye macho ya uchovu. Kwa mujibu wa taratibu, msimamizi husikiliza waombaji anaposhuka ngazi za jumba lake, ngazi arobaini, na akifika chini mazungumzo yamekwisha. Tumsifu alimngoja wiki sita.

"Umeandika hapa kwamba mama yako alikufa," Lugome alisema akiwa ngazi ya kumi, akipekua kurasa. "Nani amesema?"

"Mimi, Profesa. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa nawapelekea viazi na chai."

"Wewe si chanzo. Wewe ni mwombaji."

"Basi shangazi yangu."

"Amechapishwa?"

"Hapana. Ni mkulima."

Lugome alisimama, jambo ambalo waombaji wengine walisema hawajawahi kuliona. Akamtazama Tumsifu bila chuki hata kidogo. "Binti, nitakwambia ukweli kwa sababu nami niliwahi kuja hapa na jambo langu. Tatizo lako ni kwamba unajua unachotaka kusema. Hilo litakuchelewesha sana." Akashuka ngazi zilizobaki akaondoka.

Rafiki pekee aliyempata alikuwa Mtaki, mwanamume wa makamo aliyetoka pwani ya ziwa, aliyekuwa katika mwaka wake wa saba nchini humo. Alikuja kuandika habari za kaka yake aliyefukiwa mgodini. Alikuwa mcheshi, mbele ya walinzi alipenda kusema, "Nina njaa, kama walivyonena wengi," na walinzi wakaitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyemweleza Tumsifu namna ya kurefusha Kivuli kwa kusema jambo moja mara nne, na ndiye aliyemwonya kuhusu Baraza la Madhara.

"Huko usibishane," alisema. "Kubali, saini, toka. Ukibishana wanapata cha kuandika."

Baraza la Madhara lilikaa kwenye ukumbi mweupe, wajumbe saba, mwenyekiti wao akiitwa Bibi Sikitu. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyemkaribisha Tumsifu kiti na kumuuliza kama amekula. Kisha akafungua jalada.

"Hawa watu kumi na mmoja. Wamekubali kuandikwa?"

"Wamekufa, Bibi Mwenyekiti."

"Sikuuliza kama wamekufa, mwanangu. Nimeuliza kama wamekubali. Fomu zao ziko wapi?"

Tumsifu alikumbuka onyo la Mtaki akanyamaza. Wajumbe wakaanza kujadiliana wao kwa wao, na mjadala ukachukua siku mbili. Mmoja alisema marehemu waweza kuwakilishwa na ndugu zao. Mwingine akajibu kwamba ndugu nao ni waathirika, hivyo watahitaji wawakilishi wao. Wa tatu akauliza kama lile bwawa lina mwenyewe, na kama ameombwa ruhusa. Ilitajwa fomu ambayo shangazi angepaswa kuisaini, ya Kighaibu, kurasa kumi na mbili. Mtu akasema shangazi hasomi Kighaibu. Ikaandikwa kwamba shangazi yuko hatarini.

Mwisho Bibi Sikitu aliinua mkono. "Majina yakiandikwa," alisema, "marehemu wataweza kutambulika."

"Ndicho ninachotaka," Tumsifu alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ndicho nilichokuja kufanya. Watambulike."

Bibi Sikitu alimtazama kwa huruma ya kweli, machozi yakimlengalenga. "Basi hapo ndipo penye madhara," alisema.

Uamuzi ulikuwa huu. Marehemu wangeitwa kwa herufi. Nakundwa akawa Marehemu H. Vibarua watatu wakawa I, J na K. Mwombaji asingeyatamka majina yao mahali popote nchini, na akiyatamka angeanza upya tangu mwaka wa kwanza. Madaftari manne yangewekwa Chumba cha Usiri chini ya ulinzi. Mwishoni palikuwa na fomu ya kurasa tisa. Tumsifu alikuwa amechoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile siku mbili. Alisaini kila walipomwonyesha.

Miaka ikaenda. Ile mitatu aliyomwahidi shangazi iliisha akiwa bado anaandika sura ya kwanza ya Kivuli. Alijifunza kuwaza kwa herufi, kwa sababu jina likikaa mbele ya ulimi hutoka bila kuitwa. Akajizoeza kulisukuma nyuma, nyuma zaidi, mpaka likakaa kimya. Kwa mama yake ilimchukua muda mrefu. Kwa wale watatu, ambao hakuwahi kuonana nao zaidi ya kuwapa viazi, haikumchukua hata mwaka. Hadithi yake iliyokuwa na kurasa mia mbili ikawa na mia, kisha sitini. Vilipoondolewa chakula cha shangazi na nyimbo za kunawa mikono, Lugome aliandika pembeni: "Inaanza kusomeka."

Katika mwaka wa tano wa Tumsifu, Mtaki aliitwa kwenye utetezi. Huo ndio mtihani wa mwisho. Mwombaji husimama mbele ya kiti kirefu kilichowekwa kwa ajili ya mtahini Mghaibu. Kwa kuwa Waghaibu hawaji, kiti huwa kitupu. Mwombaji hukisomea kazi yake, kisha wote husubiri. Wakuu wa nchi wana ujuzi wa kusikiliza ukimya wa kiti kile na kuueleza. Mtaki alisoma vizuri. Kiti kikanyamaza. Wakuu wakanong'onezana, na mmoja akasimama na kutangaza kwamba kiti hakikuridhika, na kwamba mwombaji amefikia kikomo cha miaka.

Wanaofikia kikomo hawarudishwi kwao. Jiji la Unukuzi limekatwa katikati kwa mstari mweusi uliochorwa barabarani, na chini ya mstari huo kuna vyumba vyenye dari fupi ambamo mtu hawezi kusimama wima. Watu wa Chini ya Mstari huishi humo. Kazi yao ni kuitwa na walio juu pale wanapohitaji kutajiwa ukurasa. Huvaa nguo ndogo, husema kwa sauti ndogo, na wanahesabiwa kuwa na bahati, maana kuna ambao hawatajwi kabisa.

Mwaka wa saba ilimfikia Tumsifu barua kutoka Irindi. Shangazi aliisema, jirani akaiandika kwa Kiswahili, lakini mpakani mwa Unukuzi barua zote hufasiriwa kwa Kighaibu kwanza, na hii ilikuwa imekaa huko miezi kumi na minne. Ilisema kwamba mleta taarifa anaripoti kudhoofika kwa kumbukumbu. Tumsifu aliisoma mara kadhaa mpaka akaweza kusikia chini yake sauti aliyoijua: Mwanangu, nimeanza kusahau. Njoo na daftari tuyapitie tena.

Kuondoka kabla ya kumaliza kulikuwa kuacha vyote, cheti na madaftari. Alikuwa amebakiza sura moja. Alishuka Chini ya Mstari kumtafuta Mtaki, akamkuta amechutama kwenye chumba chake, magoti kifuani.

"Mtaki, nishauri. Niende kwa shangazi au nimalize?"

"Tazama ukurasa wa mia mbili na kumi na nne," Mtaki alisema.

"Mimi si mkuu. Mimi ni Tumsifu. Niambie kama rafiki."

"Linganisha na ukurasa wa mia tatu na mbili."

Tumsifu alipiga magoti ili macho yao yawe sawa. "Kaka yako aliitwa nani?" alimuuliza. Alijua ni kosa kuuliza, na hakujali.

Mtaki alifungua mdomo. Uso wake ulikunjana kama wa mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani. Alikaa hivyo kwa muda, midomo ikicheza, kisha akaufunga mdomo.

"Mhusika," alisema. "Mhusika Mkuu."

Ingefaa kusimuliwa kwamba Tumsifu alitoka pale akaenda moja kwa moja kwao. Hakwenda. Alipanda ngazi akarudi chumbani, akajiambia kwamba amekwisha kupoteza miaka saba na haiwezekani ipotee bure, akaketi kumalizia sura iliyobaki. Ilimchukua miaka miwili.

Siku ya utetezi wake alisoma kurasa arobaini na moja za hadithi na mia moja na ishirini na tano za Kivuli, kwa Kighaibu kisafi. Mama yake alikufa kwa sentensi moja: "Kuhusu tukio hilo, Marehemu H anatajwa." Alisoma bila sauti kutetemeka. Kiti kikanyamaza. Wakuu wakaegemeana, wakasikiliza, kisha Lugome akasimama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Kiti kimeridhika," alisema.

Walimpigia makofi. Bibi Sikitu alimkumbatia, akamvisha joho zito la rangi ya udongo, akamkabidhi cheti kikiwa kimekunjwa ndani ya mrija wa shaba. Tumsifu alishukuru. Akauliza ni saa ngapi anaweza kwenda Chumba cha Usiri kuchukua madaftari yake.

"Yameteketezwa, mwanangu," Bibi Sikitu alisema kwa upole. "Asubuhi hii hii, mara tu ulipofaulu. Ndivyo tunavyowalinda. Ulisaini, ukurasa wa sita."

"Yote manne?"

"Hatubagui."

Tumsifu alisimama na joho lake. Alijaribu pale pale kuyaita majina. Nakundwa alikuja, na ingawa alichelewa, alikuja. Wale wengine saba wa kijijini angeweza kuwaulizia nyumbani. Akawaita wale watatu. Zikaja herufi.

Alirudi Irindi kwa haraka kadiri alivyoweza, akiwa na matumaini kwa shangazi. Alimkuta binamu yake akifagia uwanja. Binamu aliposikia hodi na kumwona, aliuacha ufagio ukaanguka. Naelijwa alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita. Siku za mwisho, binamu alisema, alikuwa akiita watu wa kula. "Anawaita kwa majina kabisa, njooni chakula kinapoa. Sisi tukadhani anaweweseka."

"Majina gani?"

"Nani angeyashika, dada? Si majina ya huku."

Wachapaji sasa walimpokea vizuri. Kitabu kilitoka kwa Kighaibu, kikasifiwa na watu ambao walisema wamekisoma. Irindi hakuna aliyeweza kukisoma, lakini walijivuna. Mwenye duka alikiweka juu ya kabati ili kisishikwe na watoto. Tumsifu alirudi kufundisha. Alianza kuandika upya kwa Kiswahili, akaenda nyumba kwa nyumba, akapata majina manane na ukoo wa kila mmoja, na habari nyingi ambazo hata shangazi hakuzijua. Mstari wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja ulibaki mweupe.

Mwaka wa pili tangu arudi, mchana mmoja wa kiangazi, alikuja shuleni mwanamke mgeni mwenye vumbi miguuni, umri kama hamsini hivi. Aliitwa Nyamizi. Alikuwa amesafiri siku tatu kutoka Unyamwezini, kwa sababu mtu alimwambia kwamba milimani huku yupo mwanamke msomi aliyeandika kitabu kizima juu ya watu wa ndiva.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa alikuwa mkubwa kwake.

"Usiniamkie hivyo, dada. Shikamoo wewe."

Nyamizi aliketi ukingoni mwa kiti. "Mimi namtafuta mdogo wangu. Aliondoka kwenda kutafuta kibarua, akasema anaelekea milima ya huku. Hakurudi, na hatukupata habari. Mama alitukataza kumwekea matanga, akisema mtu asiyejulikana kama amekufa halililiwi. Mama naye alifariki mwaka jana, akingoja. Sasa nimesikia walikufa vibarua watatu." Akavuta pumzi. "Anaitwa Luhende. Yumo?"

Tumsifu alilirudia jina moyoni, Luhende, Luhende, akilipeleka jikoni kwa shangazi, kwenye moshi na sauti ya mwiko, akingoja limgonge mahali. Lilifanana na jina alilowahi kulisikia. Lakini kwa hamu aliyokuwa nayo, jina lolote lingefanana.

"Alikuwaje?" aliuliza.

"Mfupi. Kidole hiki cha mwisho alikatwa na shoka akiwa mdogo. Hapendi kukaa kimya. Samaki hali, wanamletea vipele."

Hali samaki. Mmoja wao hakula samaki, hilo Tumsifu alilikumbuka. Lakini alikuwa huyu wa kidole, au mwingine? Shangazi alisema neno juu ya kidole? Alisema, au Tumsifu ndiyo kwanza analisikia sasa na kumbukumbu inalidaka kwa njaa? Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na mwanamke huyu angekwenda kwao akiwa na jibu. Lakini kama ndiyo hiyo ni ya uongo, na Luhende yuko hai mahali fulani, angekuwa amemzika mtu kwa mdomo wake.

"Dada Nyamizi," alisema, "nilitajiwa majina yao. Niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nikayapoteza."

"Umeyapotezaje?"

Tumsifu alianza kueleza, habari za Baraza na fomu na herufi, na katikati ya maelezo alisikia jinsi anavyosikika, akaacha. Nyamizi alimtazama bila hasira, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nipeleke hapo mahali," alisema mwishowe.

Walipanda pamoja. Ndiva haikujengwa tena. Lilibaki shimo pana lenye majani, na mawe ya ukuta yametawanyika mpaka bondeni. Tumsifu alimwonyesha walipokuwa wamesimama watu. Nyamizi alivua viatu, akajifunga kanga yake kichwani, akaketi chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha.

"Mimi nitalia hapa hapa," alisema. "Kama siye yeye, basi nimemlilia wa mwenzangu. Huenda na kwao wapo wanaongoja."

Akaanza, kwanza polepole kwa Kinyamwezi, akimwita mdogo wake kwa jina na kwa jina la baba yake na la babu yake, kisha sauti ikapanda, ikasikika mpaka mashamba ya chini ambako watu waliacha majembe wakasimama. Tumsifu alitaka kulia naye, akatafuta la kusema kwa yule aliyekuwa akililiwa, na hakujua amwiteje. Akaketi kando ya yule mwanamke, akamshika mabega asianguke.